Kabla ya Kuongeza Ukuta, Jiulize Mbwa Anakwenda Wapi

Mbwa akitoroka, macho ya mwenyewe huenda moja kwa moja kwenye uzio. Atapima urefu, atakagua matundu, jioni atakuwa ameshika nyundo na misumari, na kesho yake mbwa yuko barabarani tena. Hapo lawama zinaanza: mbwa huyu mtundu, hana shukrani, anashiba na bado anakimbia. Mimi naona tunaanzia mwisho. Kabla ya kutafuta anapitia wapi, tafuta anafuata nini au anakimbia nini. Kila sababu ina dawa yake, na dawa nyingi haziuzwi pamoja na waya.

Chukua dume ambaye hajahasiwa. Jike wa jirani akiingia kwenye joto, hali hiyo huchukua kama wiki 2 hadi 3, na harufu yake husafiri mbali. Siku hizo dume wako ataruka, atachimba, atang'ata mbao mpaka fizi zitoke damu. Unaweza kuziba tundu baada ya tundu, yeye ana siku nzima ya kutafuta jingine na wewe una kazi za kufanya. Kumhasi hupunguza sana uzururaji wa namna hii, ila usitegemee mabadiliko siku hiyohiyo: homoni huchukua wiki kadhaa kushuka, na mbwa aliyekwisha kuizoea mitaa anaweza kuendelea kwa mazoea tu. Na kama wewe ndiye mwenye jike, usimwache uani peke yake siku hizo, hata uzio uwe imara namna gani. Yeye huenda asitoke, lakini madume wa nje wanajua kuingia.

Wengine wanakimbia hofu. Radi ikipiga au fataki zikilipuliwa, mbwa mwoga hupanda ukuta ambao hajawahi hata kuujaribu. Huyo usimjengee kitu. Usiku wa kelele alale ndani, basi.

Lakini wanaonisikitisha zaidi ni wale wanaotoroka kwa upweke. Watu wengi huamini kwamba ua mkubwa unatosha kuwa mazoezi. Hautoshi. Ukimwacha mbwa peke yake kwenye ua mpana, mara nyingi hazunguki kujinyoosha viungo. Hulala karibu na mlango akikusubiri, na akichoka kusubiri hutafuta kazi. Kuna mbwa waliozalishwa vizazi na vizazi kwa kazi maalumu: Husky kuvuta sleji, yaani gari la kuteleza kwenye theluji, umbali mrefu, Terrier kuwafuata wanyama mashimoni, Beagle kufuata harufu popote iendako. Halafu unamfungia Terrier kutwa nzima na kumkasirikia kwa sababu amechimba! Mtembeze asubuhi kabla hujaondoka, na umwache anuse njiani anavyotaka, maana kunusa humchosha akili kama kukimbia kunavyomchosha miguu. Chakula chake mfichie sehemu mbalimbali akitafute. Mbwa aliyechoka vizuri huutazama uzio bila kuuwazia.

Sisemi uzio hauna maana. Unayo, ila urekebishe kwa kufuata tabia ya mbwa wako. Anayechimba hakomeshwi na urefu. Kwake tandaza wavu wa waya chini ya uzio, uliokunjwa kuelekea ndani ya ua, upana wa sentimita 30 hadi 60, kisha uufukie kidogo au uuwekee mawe juu. Akianza kuchimba pale pale ukutani, ambapo ndipo wengi huanzia, makucha yanakutana na waya. Anayeruka muwekee uzio wa mita 1.8 hivi kama ni mbwa mkubwa, na uondoe kila kitu alichoweza kukikanyaga: rundo la kuni, pipa, hata banda lake mwenyewe, ambalo watu hupenda kuliegemeza ukutani kama ngazi. Uzio wa wavu nao hupandika, na pia unamwonyesha kila paka na kila baiskeli inayopita. Ukiuziba kwa mbao upande wa barabara, nusu ya vishawishi vinaondoka.

Geti ndilo tundu kubwa kuliko yote, na hapo mwenye kosa ni binadamu. Mtoto ametoka mbio, mgeni hakurudishia komeo, gari limeingia na geti limebaki wazi. Weka springi inayolifunga lenyewe, na nafasi ikiruhusu weka geti la pili ndani, ili mtu afunge moja kabla ya kufungua jingine. Mbwa naye afundishwe kuketi na kusubiri ruhusa kila geti linapofunguliwa, hata siku ambayo hamna safari.

Mnyororo siutaki. Mbwa aliyefungwa karibu na uzio anaweza kuruka na kuning'inia upande wa pili akanyongwa. Na ule uzio usioonekana, wa waya uliofukiwa na kola inayompiga mbwa shoti, nao siuamini. Mbwa aliyepandwa na jazba humkimbiza paka akavuka huku anaumia, kisha anasita kurudi kwa sababu shoti inamsubiri mpakani. Tena haumzuii mbwa mwingine kuingia kumng'ata wako.

Kwa vile hakuna uzio usioshindwa, mvalishe kola yenye namba yako ya simu, na daktari wa mifugo amwekee chipu, kidude kidogo cha utambulisho, chini ya ngozi, maana kola huchomoka. Hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa kwa chipu hiyo ndiyo unayoitumia sasa. Na akirudi mwenyewe, hata iwe saa nane usiku na umezunguka mitaa yote ukimwita, mfungulie na umpokee vizuri. Ukimpiga getini, hatajua kwamba kipigo ni cha kutoroka mchana. Atajua tu kwamba alirudi akapigwa, na mara nyingine atakapotoka atakaa mbali na mkono wako.