Chapisho Lililofutwa Linabaki kwa Nani?

Mtu akifuta chapisho lake mtandaoni, kinachoondoka papo hapo ni uwezo wa wengine kuliona. Maandishi na picha zenyewe huondoka baadaye, kwa awamu, na pengine zisiondoke zote. Wapo wanaodai kila mtu awe na haki ya kufuta alichokisema, na wapo wanaoshikilia kwamba kilichotamkwa hadharani ni mali ya hadhara. Wote wawili husahau mhusika wa tatu, kampuni yenye seva, ambayo hukaa na nakala baada ya wengine wote kunyimwa.

Hifadhidata kubwa mara nyingi hazifuti kitu pale pale. Huwekwa alama kwamba kimefutwa, kisha usafishaji hufuata kwa ratiba yake, mithili ya msimamizi wa maktaba aliyekata jina la kitabu kwenye orodha huku kitabu kikiwa bado kwenye rafu. Tena chapisho moja huwa na nakala katika vituo kadhaa vya data, nakala za muda zinazowekwa karibu na wasomaji ili kurasa zifunguke upesi, na nakala za akiba za kujikinga na ajali. Facebook huweka chapisho lililotupwa kwenye kapu la taka kwa siku 30. Anayefuta akaunti nzima ana siku 30 za kughairi, na kampuni inasema kusafisha vyote alivyochapisha kunaweza kuchukua hadi siku 90.

Kungoja huku kuna faida yake. Instagram ilipoanzisha mwaka 2021 sehemu ya kuhifadhi vilivyofutwa karibuni, ilieleza kuwa wadukuzi wakishateka akaunti hufuta picha za mwenyewe, naye alikuwa hana njia rahisi ya kuzirudisha. Hoja hiyo naikubali. Ninachokitilia shaka ni ahadi ya kwamba muda ukiisha, kila kitu kimekwisha. Mwaka 2009 iligundulika kuwa picha zilizofutwa Facebook zilikuwa zikifunguka bado kwa yeyote mwenye kiungo cha moja kwa moja, na kasoro hiyo ilidumu hadi mwaka 2012. Mwaka 2014 Snapchat, iliyojitangaza kwa picha zinazotoweka, ilifikia suluhu na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani baada ya tume hiyo kusema kwamba watumiaji walidanganywa, kwani njia za kuzihifadhi zilikuwepo tele.

Sheria nazo hazilingani ukali. California ina sheria iliyoanza kutumika Januari 2015, inayowapa walio chini ya miaka 18 haki ya kufuta walichochapisha. Ukiisoma vizuri, kampuni huhesabiwa imetimiza wajibu hata kama imeficha tu chapisho lisionekane, na lenyewe likabaki kwenye seva. Alichokinakili mtu mwingine hakiguswi kabisa. Kwa maneno mengine, mtoto analindwa dhidi ya macho ya wenzake, kampuni haiguswi. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, imekwenda mbali zaidi, kwani inadai data ifutwe kweli. Hata hivyo imeacha milango, yaani sababu za data kubaki: uhuru wa kujieleza, madai ya mahakamani na kumbukumbu zenye maslahi ya umma.

Milango hiyo ndipo upande wa pili, wa wanaosema kilichotamkwa hadharani ni mali ya hadhara, unapopata nguvu. Mwaka 2010 ulizinduliwa Uholanzi mradi wa Politwoops, uliokusanya na kuonyesha machapisho ya Twitter ambayo wanasiasa waliyafuta, nao ukaenea nchi nyingi. Mwaka 2015 Twitter iliukatia njia ya kupata data, kwa hoja kwamba hakuna mtumiaji anayestahili uhuru wa kufuta kuliko mwingine. Kabla mwaka haujaisha ikageuza msimamo. Hoja ile ya usawa inavutia masikioni, lakini inamweka waziri anayetangaza sera kwenye kundi moja na kijana aliyeandika upuuzi usiku. Waziri amesema kwa cheo alichokabidhiwa, na waliomkabidhi wana haki ya kujua alichokisema na alichokiondoa.

Zito kuliko hilo ni suala la ushahidi. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa kijeshi wa Libya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video za mauaji zilizosambaa mitandaoni. Mwaka huo huo mifumo ya kujiendesha ya YouTube iliondoa maelfu ya video za vita vya Syria ikizihesabu kuwa propaganda za kigaidi, huku wanaharakati wakihangaika kuzirudisha. Hapo aliyefuta hakuwa mwandishi wala mtuhumiwa. Ilikuwa kampuni, na mara nyingine aliyepiga picha hizo alikuwa ameshauawa, hivyo hapakuwa na wa kulalamika.

Ukiyaweka pamoja, mpangilio uliopo umekaa kichwa chini. Raia wa kawaida anayetaka kusahaulika huachiwa nakala zake mikononi mwa kampuni kwa muda ambao hana namna ya kuuthibitisha, ilhali umma, wenye haja halali ya kumbukumbu, ndio wa kwanza kufungiwa. Siku hizi pia maandishi ya mitandaoni hutumika kufundisha mifumo ya akili mnemba, na mfumo ukishafundishwa, kufuta chapisho la awali hakuondoi ulichojifunza.

Kwangu kipimo ni cheo cha msemaji wakati aliposema. Aliyeandika akiwa na miaka 16, kisha akafuta kabla ya kugombea chochote, aachwe, hata kama baadaye anakuwa rais. Atakayechimbua skrinshoti atachimbua, lakini isiwe kazi ya taasisi. Akishaapishwa, maneno ya kazi yake yahifadhiwe na chombo cha umma, na alama ya kufutwa ionekane. Video za uhalifu zinaweza kuondolewa machoni pa watu, ila zifungiwe kwa utaratibu ambao mpelelezi mwenye amri ya mahakama atazipata.

Kwa sisi wengine, dai liwe dogo na linalopimika: kampuni itoe taarifa yenye tarehe siku nakala ya mwisho inapoondoka, nakala za akiba zikiwemo. Haiwezi kusingizia ugumu wa kitaalamu. Data ya kila mtumiaji ikigeuzwa fumbo linalosomeka kwa ufunguo wa kidijitali wa mtumiaji huyo peke yake, kuharibu ufunguo huo mmoja huzifanya nakala zote, popote zilipo, zisisomeke tena. Njia hiyo inajulikana na tayari inatumika kwenye huduma za hifadhi ya mtandaoni.