Kwani Kuna Mgonjwa?

Ukikaa India miaka kumi na moja, namba yako ya simu inakuwa mali ya ukoo. Mtu akiambiwa na daktari kwamba tiba yake iko India, kabla hajashika pasi ya kusafiria ndugu zake wameshaipata namba yangu. Nimepokea watu wa moyo, wa figo, wa saratani, na mzee mmoja wa mgongo aliyetua na kilo tano za sembe kwenye begi kana kwamba huku watu hawapiki. Mimi si daktari. Nilikuja Bengaluru kusomea kompyuta, nikapata kazi, nikabaki. Lakini ukishakuwa mwenyeji wa wagonjwa unajua mapema kwamba foleni ya hospitali ina mwisho, ila swali la "leo atakula nini" halina.

Kwa hiyo nikipigiwa simu kutoka Tanga nikaulizwa, "Eti huko wenzetu chakula chao chote ni dawa?" huwa navuta kiti kabisa. Swali lenyewe hufuatana na zile jumbe za WhatsApp zilizozunguka nchi nzima: manjano yanaua saratani, tangawizi inazibua mishipa, uwatu unafukuza sukari. Jibu langu lina ndiyo ndani yake, na lina hapana. Hapana yake alinifundisha shangazi yangu.

Kwanza niseme kwamba hicho tunachokiita chakula cha Kihindi mimi huku sijakiona. Bajia, kachori na achari za kwetu pwani zilivuka na majahazi ya wafanyabiashara wa Gujarati na Kachchh, na huko ni kaskazini-magharibi, mbali na mimi kama Tanga ilivyo mbali na Bukoba, na zaidi. Asubuhi yangu ya kwanza Bengaluru nilipewa idli, vile vikate vyeupe vya mchele na dengu vilivyochachushwa usiku na kupikwa kwa mvuke, na bakuli la sambar, mchuzi wa dengu na mboga, pembeni. Nikauliza bajia. Wakanitazama kama mtu aliyeomba pilau saa moja asubuhi. Bajia huliwa jioni, wakaniambia, tena mvua ikinyesha.

Jimbo hili moja tu la Karnataka lina majiko manne matano yasiyofanana. Pwani, kule Mangalore, ni samaki, nazi na wali. Kaskazini, upande wa Dharwad, wanakula mkate wa mtama unaopigwapigwa kwa kiganja mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Milimani Kodagu ni nguruwe kwa siki nyeusi ya matunda. Kusini, vijijini kuzunguka Mysuru na Mandya, ni ulezi. Na ukivuka mpaka ukaingia Kerala, mtu wa Tanga unaanza kutafuta ndugu zako kwa macho: mbuzi ya kukunia nazi ipo, tui lipo, samaki wa nazi yupo. Chapati yetu ya matabaka nilipowapikia wenzangu wa ofisini walicheka, wakasema umetupikia parota. Watamil nao wana chuma cha vitumbua, kilekile chenye vishimo, wanapikia paniyaram.

Sasa shangazi. Alikuja mwaka juzi kubadilishiwa valvu ya moyo, akawekewa ya bandia. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, lakini alipotoka chumba cha uangalizi akagoma kula. Idli alisema zinamkwama. Khichdi, yaani wali wa dengu uliopondeka usio na chumvi ya kueleweka, aliifunua, akaifunika.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki kimetafunwa na nani kabla yangu?"

Siku ya tatu nikakumbuka mgahawa mmoja karibu na gereji ya mabasi, madereva wa bajaji hula pale mchana wakiwa wamekunja miguu kwenye mabenchi. Wanauza mudde. Nitawaelezea mudde: maji yanachemka, unga wa ulezi unamwagwa katikati, unaachwa uive kidogo, halafu unasongwa kwa mti mpaka ushikamane, kisha mpishi analowesha mikono na kuufinyanga tonge moja kubwa kama ngumi ya bondia. Unamega, unachovya kwenye mchuzi wao wanaouita saaru, unameza. Hutafuni, ukitafuna watajua wewe mgeni. Siku za nyama saaru inakuwa ya naati koli, na naati koli tafsiri yake haina shida: kuku wa kienyeji.

Nikachukua tonge moja na mchuzi mwepesi wa dengu, nikaomba ruhusa kwa daktari, nikapeleka. Shangazi akaitazama ile rangi ya udongo. Akamega kidogo, akanusa.

"Ulezi huu."

"Ndiyo, shangazi."

"Wahindi wanakula ulezi?"

Wanakula, tena Karnataka ndiyo inayolima kuliko majimbo yote ya India. Wana msemo kwa Kikannada kwamba mla ulezi anang'oa mlima. Na ulezi wenyewe asili yake ni kwetu, nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda, ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, kabla hata ya hayo majahazi. Ukwaju vilevile: mti wa Afrika, lakini Waarabu waliuita tende ya India na dunia ikaamini. Nilikuwa namsimulia haya shangazi huku anakula. Hakunijibu, kwa sababu alikuwa anakula. Alipomaliza aliuliza kama dagaa zinapatikana.

Nikapanda kichwa. Kesho yake nikaleta mudde na saaru ya mchicha, bakuli zima, na keshokutwa yake tena, nikijiona mimi ndiye tabibu wa wodi. Mtaalamu wa lishe akanikuta mlangoni. Shangazi alikuwa ameanzishiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu mpya, na atainywa maisha yake yote. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, na vitamini K ndiyo hasa ambayo dawa ile inashindana nayo. Ukimmwagia mgonjwa mchicha ghafla, unaipunguza nguvu dawa, damu inaweza kuganda. Ukimkatia ghafla, dawa inazidi, anaweza kuvuja damu. Hakatazwi mboga, nikaelezwa. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na apime damu, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inaganda kwa kasi gani, asiache.

Nilimtafsiria shangazi pole pole. Akafikiri.

"Yaani mchicha nao una dozi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kumbe miaka yote nilikuwa nakunywa dawa bila cheti."

Tangu siku hiyo mtu akiniambia chakula ni dawa namuuliza: basi mbona hukiogopi kama dawa? Wauzaji wa vidonge vya manjano wako huku pia, wamejaa, na vifungashio vyao vinapendeza. Nchi hii hii ya manjano na tangawizi, utafiti wa ICMR, baraza lao la utafiti wa tiba, uliotoka 2023 ulikadiria kuwa ina watu milioni 101 wenye kisukari. Wali mweupe wa mchele uliokobolewa, unaliwa mara tatu kwa siku, chai ya sukari, peremende za samli kila sikukuu. Hapo bizari haikuokoi.

Ila ninachowaonea wivu kipo, na kiko kwenye masufuria ya kawaida. Mtoto akipata mafua, nyumba ya jirani yangu inachemsha saaru nyembamba ya pilipili manga, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Hakuna anayeiita tiba, ni chakula cha mchana. Mwaka mpya wao wa Ugadi wanaanza kwa kulamba mwarobaini na sukari guru pamoja, chungu na tamu, ndipo sherehe iendelee. Elimu yao ya kale ya Ayurveda inahesabu ladha sita ambazo mlo unapaswa kuzigusa: tamu, chachu, chumvi, chungu, kali na ya ukakasi. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokula kitu cha ukakasi kwa makusudi nyumbani Tanga. Nadhani lilikuwa embe bichi shuleni. Kerala, mvua kubwa zikipiga kati ya Julai na Agosti, mwezi wanaouita Karkidakam, wanakula uji wa mchele wenye uwatu na majani ya porini, jioni, familia nzima. Mzima na mgonjwa bakuli moja.

Mlonge ndio ulionichoma zaidi. Huku maganda yake marefu yanakatwakatwa yanaingia kwenye sambar, majani yanakaangwa na nazi, mboga kama bamia tu. Kwetu mlonge tumeuvua kwenye chungu tukautia kwenye chupa, anauuza kijana wa stendi mwenye spika: presha, sukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo, vyote kijiko kimoja. Mti umesimama nyuma ya nyumba, unga wake tunaununua stendi.

Na tusijidharau, kwa sababu akili hiyo tunayo. Mzazi wa pwani anapewa uji wa pilipili manga. Mchaga anamchemshia mkewe mtori. Huku nako mwanamke aliyejifungua anapikiwa kwa samli, vitunguu saumu na pilipili manga, na bibi hasikilizi hoja ya mtu. Lakini sisi tumeiacha elimu hiyo ikae kitandani kwa mgonjwa. Akipona, anarudi kwenye chipsi.

Mwaka jana kampuni ilitupeleka chakula cha jioni kwenye hoteli moja ya kifahari hapa mjini, sahani kumi na moja mfululizo, kila moja na hotuba yake. Ya tano ikaja mudde. Ukubwa wa gololi, katikati ya sahani pana kama ungo, imezungushiwa povu la kijani. Mhudumu akatueleza dakika tatu nzima habari za madini ya chokaa yaliyomo kwenye ulezi, na mababu, na udongo. Nikapiga hesabu kichwani: bei ya mtu mmoja pale ingewalisha madereva wa bajaji wa kijiwe kizima. Tena tonge lenyewe lilikuwa la kutafuna, jambo ambalo ni kosa.

Nilicheka, ila niliporudi nyumbani kicheko kiliisha. Miaka ya nyuma hoteli kubwa za India nazo zilikuwa za chakula cha Kizungu na nyama za kuchoma za kaskazini. Hapa Bengaluru, Karavalli ilipofunguliwa 1990 ikaweka mezani mapishi ya nyumbani ya pwani ya kusini-magharibi, ilikuwa jambo geni. Leo Chennai kuna Avartana, inakupa rasam, mchuzi ule ule wa mafua, kwenye glasi ya kokteli. New York, mpishi Vijay Kumar, mtoto wa Tamil Nadu, anapika konokono wa mashambani katika mgahawa wa Semma uliopata 2022 nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora. Konokono! Na ulezi na wenzake walipata mwaka mzima wa Umoja wa Mataifa, 2023, kwa pendekezo la India. Hoja haikuanzia kwetu, ambako ndiko kwao.

Upuuzi wa povu la kijani naukubali, kwa sharti kwamba yule dereva wa bajaji na yule bosi wangu wanajua wanakula kitu kimoja. Nyumbani, nikifikia hoteli nzuri Dar, chakula chetu nakikuta kwenye kona, kimeandikiwa kibao "vyakula vya asili", magimbi matatu na mhogo uliopoa, kama mgeni aliyekuja harusini bila kadi. Bada la kwetu Tanga, ule ugali wa muhogo, sijawahi kuliona hata kwenye kona hiyo.

Msije mkadhani huku ni peponi. Meza ya India ina ukuta katikati yake. Nimenyimwa nyumba mara mbili kwa sababu nakula nyama, na niliyopata ya tatu nilionywa kwa sababu ya dagaa wa kukaanga, kosa langu la Jumapili moja tu. Mabango ya "pure veg", yaani mboga tupu, safi, yamejaa, na hilo neno la usafi linabeba mambo ya tabaka za kuzaliwa ambayo mhudumu wa sahani kumi na moja hakuyagusa kwenye hotuba yake. Nani alipika, nani haruhusiwi kugusa chungu, nani anakula kando: hayo nayo ni mapishi ya kale.

Shangazi kabla ya kurudi nilimpeleka kwenye ule mgahawa wa gereji. Alikaa benchi moja na madereva, akamtazama mpishi akisonga, akatikisa kichwa kwa heshima kama fundi anayemtazama fundi mwenzake. Tukamnunulia kilo mbili za unga.

Mwezi uliopita akanitumia ujumbe wa sauti. Dozi ya mboga anaifuata, damu anapima. Unga wa India uliisha zamani, anasagisha ulezi wa sokoni. Siku hiyo alikuwa amesonga, akaufinyanga tonge kama alivyoona, na mchuzi wa kuku pembeni. Jirani akachungulia dirishani, akaiona ile rangi, akauliza kwa sauti ya huruma, "Kwani kuna mgonjwa?"

"Nikamwambia hakuna mgonjwa, hiki chakula cha India," shangazi anasema, na nyuma yake nasikia watu wanacheka. "Akaenda kuleta sahani."