Mashine za tumbo nyumbani: kabla hujatoa pesa

Matangazo ya mashine za tumbo huahidi mambo mawili kwa mkupuo: misuli itakaza na kitambi kitayeyuka. La kwanza linawezekana. La pili ndilo linalouza mashine, na ndilo ambalo hakuna mashine inayoliweza.

Misuli ya tumbo haichomi mafuta yaliyolala juu yake. Mwili unapohitaji nguvu huchota mafuta kila mahali, kwa mpangilio usiouchagua wewe. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio la Marekani lililohusisha watu 24. Waliopangiwa mazoezi walifanya aina saba za mazoezi ya tumbo, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Misuli yao ilipata ustahimilivu. Mafuta ya tumboni hayakupungua kuliko ya wenzao waliokaa bila mazoezi hayo. Hesabu yenyewe inaeleza sababu: kilo moja ya mafuta ina takriban kalori 7,700, na dakika kumi za kujikunja sakafuni hutumia makumi machache tu.

Hata hivyo wanaozitetea mashine hizi wana hoja. Si kila mtu ana gym karibu, na wapo wasiopenda kufanya mazoezi mbele za watu. Fremu ya kujikunjia, yenye mto wa kuegemeza kichwa, humsaidia anayeanza, kwa sababu wengi hujivuta shingo kwa mikono na kuamka kesho yake shingo imekaza. Lakini je, inazidi sakafu? Mwaka 2001 American Council on Exercise, shirika la mazoezi la Marekani, ilitangaza vipimo vya jinsi misuli ya tumbo inavyofanya kazi katika mazoezi 13, vilivyofanyika San Diego State University. Zoezi la baiskeli, la kulala chali na kupishanisha magoti na viwiko, liliongoza. Fremu ilikaribiana na kujikunja kwa kawaida. Kiti cha kubembea kilishika mkia, mbali sana nyuma ya wengine.

Kwenye viti vya springi kasoro huwa wazi. Unapolala nyuma springi inabanwa, unapoinuka inakusukuma, hivyo kazi ya misuli inafanywa na chuma. Dukani jipime hivi: egemea nyuma, kisha legeza tumbo kabisa. Kiti kikikuinua chenyewe, kiache.

Mikanda ya umeme hushtua misuli na inaweza kuiimarisha kiasi, ila mafuta haiyagusi. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya aina tatu kwa ahadi za uongo. Mjamzito au mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiivae. Mkanda wa jasho nao unatoa maji, ambayo yanarudi ukinywa.

Kifaa tunachoona kinastahili pesa ni cha bei ndogo kuliko vyote: gurudumu la tumbo, yaani gurudumu dogo lenye kishikio kila upande. Hakikupunguzii kazi hata kidogo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Chagua lenye ekseli ya chuma na mpira mpana. La plastiki hupinda, na vishikio visivyokaza huchomoka ukiwa umenyooka. Piga magoti juu ya mkeka ukiukabili ukuta, gurudumu likiwa kama nusu mita kutoka ukutani. Kaza makalio, vuta mbavu chini, sukuma polepole hadi gurudumu liguse ukuta, kisha rudi. Fanya mara tano hadi nane, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Ukimudu, sogea nyuma kidogo.

Kosa kubwa ni kwenda mbali kuliko uwezo. Tumbo likishindwa, kiuno hudidimia na uzito wote huangukia pingili za chini za mgongo. Ukisikia maumivu kiunoni badala ya uchovu tumboni, fupisha mwendo. Kama bado huwezi kushikilia planki, yaani kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, kwa sekunde 30 bila kiuno kushuka, anzia hapo kwanza.

Mwenye ngiri asiliguse gurudumu hili. Aliyejifungua ajipime kwanza: lala chali, kunja magoti, inua kichwa taratibu. Ukiona katikati ya tumbo panachomoza kama mgongo wa samaki, misuli imeachana. Gurudumu litaongeza shinikizo palepale palipo dhaifu, kwa hiyo muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kununua.