Mbaazi za nazi si za kuombea radhi

Nasema hili bila kusitasita: sisi watu wa Mombasa tuna chakula kisicho na nyama kilicho kitamu kuliko karibu vyote nilivyokula Ulaya, na bado tunamwandalia mgeni huku tukimwomba radhi. Wazo hili lilinikaa zaidi tangu nilipokwenda Berlin wikendi moja na wenzangu wa kazini.

Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria, basi watu wa mjini hujaa mikahawani. Wanaingia saa nne au saa tano asubuhi, wanakula chai na chakula cha mchana kwa mkupuo, na hakuna anayewaharakisha. Kreuzberg na Neukölln, mitaa ya hapo Berlin, kuna mikahawa kadhaa ya vegani, yaani hakuna nyama, samaki, yai, maziwa wala asali. Tulikaa katika mmojawapo. Nililetewa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyovurugwa kama mayai, imetiwa manjano ipate rangi, na ile chumvi nyeusi ya Kihindi yenye salfa ipate harufu ya yai. Pembeni palikuwa na mkate wenye parachichi, hamusi (rojo la dengu za kusaga) na nyanya za kuoka. Nililipa yuro 16 na kahawa yangu ya maziwa ya soya nikalipia mbali. Maziwa ya soya dukani hutozwa kodi ya asilimia 19, ya ng'ombe asilimia 7, na mimi naona huko ni kumwonea mnunuzi.

Chakula kilikuwa kizuri. Lakini kilichonigusa ni heshima. Hakuna aliyeuliza, "Mbona huli nyama, unaumwa?" Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwenye mkahawa aeleze kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyodhuru wenye mzio, na mhudumu alijua kila kilichoingia sufuriani. Nyumbani ukiuliza, unaambiwa "hakina nyama", kumbe maharage yamechemshiwa supu ya mifupa. Hapo hatujui kumstahi mtu aliyeamua kuacha nyama, na inafaa tujifunze.

Upande wa mapishi, hapana, hatuna cha kujifunza. Mbaazi zinalazwa majini usiku kucha, zinachemshwa mpaka zilainike, kisha zinaingia tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi na manjano. Tui zito ndilo la mwisho, na hapo huondoki jikoni: unakoroga taratibu moto ukiwa mdogo, maana likichemka kwa nguvu litakatika. Likishikana na mbaazi, uso wa sufuria unang'aa mafuta ya nazi. Mahamri nayo ni unga, sukari, hamira, iliki na tui. Nyumba nyingi hazitii yai wala maziwa. Ongeza viazi karai, bajia za kunde, muhogo wa nazi, ukwaju wa kuchovya. Hakuna hapo kinachojifanya yai.

Sasa mgeni akija, mbaazi zinafichwa, anatafutwa kuku. Asipopatikana, mwenyeji anasema, "Tuwie radhi, leo hatuna kitu." Najua chanzo chake. Kwa wengi wetu kukosa nyama hakukuwa uamuzi, ilikuwa mfuko, na siwezi kumwambia anayeonja nyama siku ya Idi tu ajivunie kuikosa. Maneno yangu ni kwa sisi tunaoweza kuchagua, hasa tulio huku Ujerumani. Tukikutana wikendi ni nyama choma tu, na mwenzetu wa Kijerumani asiyekula nyama anaambulia wali mkavu na kachumbari. Huyo mtu hulipa yuro 16 ale tofu! Mpeni mbaazi na mahamri ya moto, muone atakavyokula.

Mbaazi kavu zinapatikana kwenye maduka ya Kihindi na ya Kiafrika. Ulizeni zile nzima, zisizokobolewa. Tui la kopo kutoka Thailand au Sri Lanka halilifikii lile la nazi uliyoikuna mwenyewe kwenye mbuzi, lakini linatosha. Litieni mwisho, na msilichemshe sana.