Fundi wa Chenga na Drafti ya 1984

Kosa la kwanza lilikuwa langu: sikumweleza Bibi kwamba zile chenga za kwenye TV ni za makusudi.

NBA 2K23, gemu ya ligi ya kikapu ya Marekani, ilikuja na kitu kinaitwa MyNBA Eras. Unachagua enzi kwa majina ya nyota wake: ya Magic na Bird inayoanzia msimu wa 1983-84, ya Jordan ya 1991-92, ya Kobe ya 2002-03, au ya sasa. Unashika timu, unaipeleka utakako, na historia inaanza kukutii wewe. Ipo kwenye mashine za PS5 na Xbox mpya tu. Mwenye PS4 asihangaike kuitafuta kwenye menyu, haimo. Ukichagua enzi ya Magic na Bird, picha ya mechi inafanywa ifanane na televisheni ya wakati ule: rangi zimepauka na kila kitu kina mikwaruzo, kama kanda ya VHS iliyoazimwa na mtaa mzima. Ukirudi kwenye menyu, picha inatakata. Tafadhali likumbuke hilo, maana limenigharimu shilingi elfu saba.

Nilikuwa na nia moja. Nilitaka Portland imchukue Michael Jordan.

Drafti ya NBA ni siku ambayo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, wabovu wakitangulia. Tarehe 19 Juni 1984, New York, Houston walianza kuchagua, wakamchukua Hakeem Olajuwon, ambaye siku hizo aliandikwa Akeem. Portland wakafuata na Sam Bowie, senta wa futi saba na inchi moja kutoka chuo cha Kentucky. Chicago wakawa wa tatu, wakaokota Jordan. Portland wanachekwa mpaka leo, ila ukiwasikiliza walikuwa na hoja. Kwenye nafasi ya Jordan tayari walikuwa na Jim Paxson, aliyecheza All-Star, mechi ya nyota wa ligi, mwaka huohuo, na Clyde Drexler waliyemchukua mwaka mmoja kabla. Walichokosa ni mtu mrefu, wakachukua mtu mrefu. Huyo mtu mrefu alikuwa ameshakosa misimu miwili chuoni kwa ajili ya mfupa wa mguu. Pale Portland alicheza mechi 76 msimu wa kwanza, halafu 38, halafu 5, halafu hata moja, halafu 20, kisha wakampeleka New Jersey.

Usidhani kuirudia drafti hiyo ni kubonyeza kitufe. Msimu ule Portland walishinda mechi 48, na timu ya mechi 48 haichagui ya pili. Nafasi ile ilikuwa ya Indiana. Mwaka 1981 Indiana walimtaka mchezaji wa Portland anayeitwa Tom Owens, wakawapa Portland chaguo lao la kwanza la 1984 kumpata. Halafu Indiana wakaboronga, wakawa wa mwisho upande wa mashariki, na Houston wa mwisho upande wa magharibi. Bahati nasibu ya drafti ilikuwa bado, ilianza 1985, kwa hiyo ikarushwa sarafu kuamua kati ya hao wawili nani achague kwanza. Houston wakashinda. Maana yake ni kwamba ukishika Portland, chaguo lako limo mikononi mwa Indiana, na kwenye gemu Indiana hawana habari kwamba wanatakiwa kuboronga.

Mara ya kwanza niliuendesha msimu kwa kompyuta kuanzia Oktoba hadi Aprili bila kugusa kitu. Indiana wakaamka, chaguo langu likaangukia nafasi ya sita. Mara ya pili Indiana walikuwa wabovu vizuri kabisa, lakini Chicago wakawa wabovu kuwapita, wakataka kuchagua kabla yangu. Mara ya tatu nikaacha kuomba Mungu nikaanza kufanya kazi. Nilizima biashara za kompyuta, ili timu zisibadilishane wachezaji hovyo. Nikaingia kwenye mipangilio nikazishika Indiana na Houston pamoja na Portland, maana gemu inaruhusu kushika timu zaidi ya moja. Clark Kellogg wa Indiana nikamweka benchi ili wafungwe. Ralph Sampson wa Houston naye benchi, na alikuwa ndiyo kwanza anaanza maisha ya ligi, maskini. Msimu ulipokwisha nikairudisha Indiana kwa kompyuta, Houston nikaibakiza mpaka drafti nimchukulie Olajuwon mwenyewe, maana kompyuta haiaminiki.

Kuhusu wachezaji wa drafti, usitegemee wote wawemo. Baadhi ya majina makubwa hukosekana kwa sababu ya haki za majina yao. Charles Barkley, aliyechaguliwa wa tano mwaka huohuo, kwa miaka mingi hakuonekana kwenye gemu hizi. Mashabiki walitengeneza madarasa yao ya drafti, yaani orodha za wachezaji wa kuchaguliwa, wakayaweka wazi, na wakati huo uliweza kuyapakua. Ilibidi upakue kabla hujaanza msimu, na umkague kila mtu: kimo, umri, na hasa kiwango anachoweza kufikia. Nimewahi kupakua Jordan ambaye mwisho wake ulikuwa kukaa benchi.

Na hapo kwenye kukagua ndipo roho mbaya iliponiingia. Kila mchezaji ana alama za uimara wa viungo, kimoja kimoja: goti, kifundo, mgongo. Nikafikiri, Chicago wakimkosa Jordan watamchukua Bowie. Basi waonje walichoonja Portland. Miguu ya Bowie, yote miwili, nikaishusha mpaka 30. Kwa mchezaji wa kawaida alama hizo ziko juu ya 70. Kwa 30 mtu anaweza kuumia akishangilia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba kwa vipimo.

Sasa turudi sebuleni.

Nachezea sebuleni kwa sababu TV ni ya Bibi. Tumepatana: ni yangu hadi saa mbili kasoro, kisha taarifa ya habari. Siku mbili nzima Bibi alipita akiwa na ushungi wake, akatazama Portland wakicheza ndani ya mikwaruzo, akatikisa kichwa bila kusema neno. Nilidhani hapendi kaptura fupi za miaka ile. Kumbe alikuwa anahesabu chenga.

Siku ya drafti, saa kumi na moja jioni, mita ya LUKU ikaanza kulia. Zilibaki uniti 0.4. PS5 ikiwa kazini hula wati kama 200, TV yetu inakaribia 100, friji la Bibi lina hesabu zake. Muda wa saa moja kwa kubahatisha. Umeme ukikatika gemu inaposevu, faili linaweza kuharibika lote. Kwa hofu hiyo nilikuwa nimewasha kusevu kwa otomatiki kila hatua. Ni busara. Ila ujue kwamba otomatiki haina faili jipya, inaandika juu ya lilelile, iwe hatua yako ni nzuri au ya kipuuzi. Dawa ni kusevu mwenyewe kwa jina tofauti kabla ya drafti. Jina nilishaliwaza. Sikulisevu.

Houston nikawachukulia Olajuwon. Zamu ikaja Portland. Nikaisimamisha saa, nikavaa ndala, simu haina salio, nikamwambia Bibi nikiwa mlangoni:

"Bibi, usizime TV. Niko kwenye drafti, ni zamu yangu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Wakala wa kwanza alikuwa hana salio, wa pili alikuwa na foleni. Tokeni ya elfu tano iliingia baada ya dakika ishirini. Narudi, nakuta kiatu cha kiume mlangoni. Ndani, juu ya kigoda, amekaa fundi wa TV wa mtaani kwetu. Bisibisi sikioni, chai yangu mezani kwake, pedi yangu ya kuchezea gemu mkononi mwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Njoo uone TV ilivyotakata. Umekaa na chenga siku mbili, macho yanaharibika, wala husemi."

Nikatazama. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Menyu ya drafti. Menyu haina chenga, haijawahi kuwa na chenga.

"Kulikuwa na kazi," akasema fundi. "Waya wa nyuma ulikuwa umelegea. Nimechomoa, nimepuliza, nimerudisha."

"Fundi, nani kagusa pedi?"

"Bwana mdogo, Bibi kaniambia uko kwenye drafti, zamu yako. Nimebonyeza kuangalia kama picha inacheza, saa ikaanza kuhesabu. Nikasema kijana wa watu atafungwa bure. Drafti mimi pale kijiweni hakuna anayenikalia mbele."

"Hii siyo drafti ya kete."

"Nimeona. Nimetafuta kete sikuona, naona majina. Lakini kila jina lina kimo chake pembeni. Yule wa juu futi sita na inchi sita. Chini yake yupo wa saba na moja. Nikamuuliza Bibi, huu si mpira wa kikapu? Akasema ndiyo. Sasa niambie wewe uliyesoma: goli la kikapu liko wapi?"

"Juu," akajibu Bibi, hakuulizwa yeye.

"Basi. Nikachukua mrefu."

Kwenye skrini, Sam Bowie alikuwa amevaa kofia ya Portland. Chini yake, kwa maandishi madogo, Chicago walikuwa wameshamchukua Jordan. Pembeni kile kiduara cha kusevu kilizunguka mara moja, kikapotea, kazi imekwisha.

Nikakaa chini. Nikamwelezea fundi taratibu kwamba mwaka 1984 watu wazima wenye makocha na madaktari, pale Portland, walifanya kosa hilohilo kwa hoja hiyohiyo.

"Kumbe nao walikuwa mafundi," akasema, akamalizia chai.

"Mpe elfu saba yake," akasema Bibi.

Usiku ule nilijaribu kila njia. Faili pekee nililokuwa nimelisevu kwa jina lake lilikuwa la Oktoba 1983, yaani kurudi huko ni kumweka Kellogg benchi upya na kuomba Chicago wasiboronge kupita kiasi. Nikajaribu kununua. Chicago nikawapa Bowie na Paxson. Kompyuta ikakataa kabla sijaondoa kidole. Kompyuta huthamini umri na kiwango cha baadaye kuliko jina, na kijana wa miaka 21 mwenye kiwango kile hauziki. Nikamwongeza Drexler, nikamwongeza Mychal Thompson. Walipokubali kuzungumza walitaka Drexler, Thompson na machaguo matatu ya kwanza. Jordan angekuja Portland kucheza na mimi na Bibi. Upo mpangilio wa kulazimisha biashara ipite, najua ulipo, na wengi huutumia. Mimi naona ukiutumia huo huna haja ya kucheza: andika matokeo kwenye daftari ulale.

Nikaingia kuponya miguu ya Bowie basi, angalau. Nilishaweka mwenyewe mwanzoni kwamba msimu ukianza sirekebishi alama za mtu. Nikafunga ile menyu. Mwanamume ana sheria zake. Jambo moja fundi alinisaidia bila kujua: raundi ya pili, chaguo la 46, nilimpata Jerome Kersey, na huyo Portland walimpata kwelikweli kwa namba hiyohiyo.

Mechi ya ufunguzi ya 1984-85 niliicheza mwenyewe. Kwenye gemu mpira ulirushwa juu, na chenga zikarudi zote. Rangi zikapauka, mikwaruzo ikashuka. Bibi alikuwa kwenye kiti chake akichambua mchele. Akainua miwani.

"Zimerudi."

"Bibi, hizi chenga ni za..."

Robo ya pili, Bowie akaruka kuchukua mpira uliogonga chuma. Alitua vibaya. Gemu ikasimama, wenzake wakamzunguka, maandishi yakatokea: mguu, nje msimu mzima. Mechi moja. Bowie wa kweli alinizidi kwa mechi 75.

"Na yule mrefu wa fundi mbona kalala chini?" akauliza Bibi.

"Kavunjika mguu."

Akaweka ungo pembeni, akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Hakusema anampigia kwa ajili ya chenga au kwa ajili ya mguu. Alieleza yote mawili, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa za mgonjwa.

"Bibi," ikajibu sauti ya fundi, nyuma yake kete zikigongwa, "mwambie mjukuu asiguse kitu. Namalizia drafti hapa, nakuja."