Figo ya nguruwe na dawa za maisha

Kila inapotangazwa huko Marekani kwamba mtu kapandikizwa kiungo cha nguruwe, simu yangu inajaa ujumbe wa kusambazwa: "Ugonjwa wa figo sasa basi!" Mara ya mwisho aliyenitumia ni shemeji yangu, ambaye mdogo wake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Chini yake aliandika: "Shemeji, hii itafika lini kwetu?" Nilikasirika sana, na hasira yangu ni kwa wanaoandika habari hizi. Siku ya upasuaji wanashangilia. Siku figo inapotolewa, wengi wao hutawasikia.

Na zinatolewa. Towana Looney alipandikizwa New York, Novemba 2024. Alikaa na figo ya nguruwe siku 130, mwili ukaikataa, Aprili 2025 akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Tim Andrews, aliyepandikizwa Boston Januari 2025, alifika siku 271, naye ikabidi itolewe. Nakubali, hizo ni hatua kubwa. Mwaka 1984 mtoto mchanga wa California aliyewekewa moyo wa nyani aliishi kama wiki tatu tu. Lakini mgonjwa anayeuliza "lini" hapimi maendeleo ya sayansi, anapima maisha yake.

Tatizo ni kinga ya mwili. Seli za nguruwe zina sukari fulani ambayo sisi hatuna, na kwa kuwa bakteria wa tumboni mwetu wanayo, tangu utotoni tunatembea na kingamwili za kuishambulia. Kiungo cha nguruwe wa kawaida kingekufa ndani ya dakika au saa chache. Wanasayansi wakaziondoa jeni zinazotengeneza sukari hizo, wakaongeza jeni za binadamu. Nguruwe mmoja wa Boston alihaririwa sehemu 69, ingawa 59 kati ya hizo zilikuwa za kuzima virusi waliojificha kwenye jeni zake. Kazi nzito hiyo. Ila yote hayo ni kukificha kiungo kisionekane upesi. Mwili wenyewe bado haujafundishwa kukipokea.

Hata ukubwa ni shida. Figo ya nguruwe wa aina kubwa ikiwekwa kwa nyani huendelea kukua kana kwamba bado iko kwa nguruwe. Munich, mioyo ya nguruwe ilivimba vifuani mwa nyani mpaka watafiti walipoizuia kwa dawa na kushusha presha. Ndiyo maana wengine huzima kwa nguruwe kipokezi cha homoni ya ukuaji, yaani kinachopokea amri ya kukua, na wengine huchagua nguruwe wa aina ndogo. Hili naona litatatuliwa.

Kinachonikosesha usingizi ni dawa. Baba yangu mdogo alipewa figo na kaka yake wa tumbo moja, damu zao zikiendana, na bado simu yake inalia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku ameze vidonge vya kushusha kinga. Kila mara anatolewa damu kupima kiwango cha dawa. Kikishuka, figo inakataliwa. Kikizidi, anapata maambukizi, na dawa hiyohiyo inaiumiza figo. Mwezi ambao duka la dawa halina, familia nzima inapigiana simu kutafuta Dar, Arusha, hata kwa anayesafiri kwenda India. Hiyo ni figo ya ndugu! Ya nguruwe inataka dawa kali zaidi. Looney alipopata maambukizi madaktari walipunguza dawa, na kinga ikaivamia figo. Huyo alikuwa karibu na madaktari bingwa wanaomfuatilia kila hatua. Mgonjwa wa Sumbawanga atafuatiliwa na nani?

Upasuaji wenyewe tunauweza. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Dodoma tangu 2018. Na nguruwe kuwa haramu kwa Waislamu, sheria ya darura, inayoruhusu kilichokatazwa pale maisha yanapokuwa hatarini, iko wazi na masheikh wataieleza vizuri kuliko mimi.

Njia ninayotaka ifuatwe ilifunguliwa zamani. Mwaka 1953 mwanasayansi Peter Medawar na wenzake walionyesha kwamba panya aliyedungwa seli za panya wa ukoo mwingine kabla hajazaliwa, akikua huikubali ngozi ya ukoo huo. Kinga inafundishika, na ikishafundishwa hakuna haja ya kuishusha kwa dawa nyingi. Shule yake ni tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na hapo seli hujifunza kipi ni chetu. Ndipo watafiti wakafikiria kupandikiza figo pamoja na thaimasi ya nguruwe huyohuyo. Lisa Pisano alifanyiwa hivyo New York, Aprili 2024. Figo ilitolewa baada ya siku 47 kwa kuwa moyo wake, uliokuwa ukisaidiwa na pampu, haukuipelekea damu ya kutosha. Alifariki Julai, na kuhusu kufundishika kwa kinga yake hatukupata jibu.

Kwa nini hilo la kuifundisha kinga halipewi vichwa vya habari? Kwa nchi ambayo vidonge vinapotea madukani, ndilo la kwanza. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha majaribio rasmi ya figo za nguruwe kwa wagonjwa. Matokeo yakitoka, hesabu ya siku nitaipita haraka. Nitatafuta kama yupo hata mmoja aliyepunguziwa dawa na figo yake ikaendelea kufanya kazi.