Mama Mkwe na Tairi la Nne

Nissan X-Trail yetu ilitoka Japani ikiwa imevalishwa matairi ya theluji, jambo ambalo kwa mkazi wa Dar es Salaam lina faida sawa na kumiliki jaketi la manyoya. Ubavuni yaliandikwa STUDLESS, yaani yasiyo na njumu, na kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zilichanjwa mistari myembamba isiyohesabika. Mpira wa matairi ya namna hiyo hutengenezwa laini makusudi, ili usikakamae kwenye baridi kali na uendelee kushika barabara yenye barafu. Kwenye lami ya moto ya Barabara ya Mandela, ulaini huohuo hulifanya gari liyumbe konani na matairi yaishe upesi. Ilipofika Machi yalikuwa vipara vya kutosha kumfurahisha askari yeyote wa usalama barabarani.

Wakati huohuo mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kwetu kutibiwa goti, alitangaza kwamba masika yasingemkuta mjini ilhali shamba lake la maharage lilikuwa linamsubiri Usambara. Kumrudisha nyumbani kulimaanisha kupita Chalinze, Segera na Korogwe kwenye lami yenye joto, kuanza kupanda kona za Mombo hadi Soni katika ukungu na mvua, kisha kumalizia kwenye udongo mwekundu ng'ambo ya Lushoto, ambao ukilowa huteleza hata kwa mbuzi. Tulihitaji matairi ya kuvumilia hayo yote katika siku moja.

Baraza la familia liliketi. Shemeji yangu, ambaye hana gari lakini ana maoni kuhusu magari yote, alitaka matairi ya A/T, yaani ya ardhi zote, yenye kashata kubwa kubwa, kwa hoja kwamba gari likiwa nayo huheshimika. Ni kweli kwamba kwenye tope yanasaidia, lakini kwenye lami hunguruma, hula mafuta zaidi, na sisi tulikuwa na zaidi ya kilomita 300 za lami. Mke wangu alitaka matairi ambayo bei yake isingegusa ada ya shule. Mimi nilishikilia H/T, yaani ya barabara kuu, yenye alama ya M+S, yaani tope na theluji, kwa kuwa tope tulikuwa nalo, na theluji ningewasamehe. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba angefuatana nasi dukani, kwa sababu yeye hapandi juu ya kitu ambacho hakukiona kikinunuliwa.

Muuzaji wa matairi wa eneo la Gerezani, hapohapo jijini, alikuwa kijana mchangamfu wa aina inayotia wasiwasi. Alituonyesha tairi lenye picha ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, akaeleza kwa uso mkavu kwamba huo ni Mlima Kilimanjaro, na kwamba vilele hivyo ni Shira, Kibo na Mawenzi, kwa hiyo tairi limeidhinishwa kwa milima ya Tanzania. Alama hiyo kwa kweli huwekwa kwenye tairi lililofaulu majaribio ya theluji, tofauti na M+S ambayo mtengenezaji anaweza kujiandikia mwenyewe, lakini shemeji alikwisha kuguswa na uzalendo na nilikuwa na kazi ya kumwondoa pale. Tukakubaliana matairi manne ya H/T, 215/65R16, 98H. Namba 98 ina maana kwamba kila tairi hubeba hadi kilo 750, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, mwendo ambao Mama alisema tusiuzungumze mbele yake. Nilikagua tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa kwenye tairi la maonyesho, nikalipa, na muuzaji akaahidi kwamba mchukuzi wake angetoa mengine stoo na kuyaviringisha hadi kwa fundi, mtaa wa pili.

Kwa fundi, chini ya mwarobaini, Mama alikataa kushuka. Goti lilikuwa linauma na uwanja ulikuwa na matope ya mvua ya usiku. Fundi alieleza kwa adabu kwamba mtu hakai ndani ya gari lililo juu ya jeki, kisha akanitazama mimi, nami nikamtazama shemeji, maana hakuna mila ninayoijua inayomruhusu mkwe kumwamuru mama mkwe wake ateremke. Shemeji akajaribu, akaulizwa na Mama alimzaa nani. Basi fundi akaongeza magogo chini ya chasisi, akawa anainua gurudumu moja moja polepole, huku Mama akibaki kiti cha mbele na mfuko wake wa karanga, akipanda na kushuka kwa utulivu na kutoa ripoti.

Matairi ya zamani hayakupata hata nafasi ya kupoa. Kila lilipovuliwa, msaidizi wa fundi aliliviringisha kuvuka barabara hadi kwa watengenezaji wa mikokoteni, ambao hawajali kipara wala theluji, na kurudi na noti mfukoni.

Kazi ilipoisha na jeki kuondolewa, Mama akasema, "Mimi nimelala upande."

Fundi akatabasamu. "Mama, ni uwanja haujakaa sawa."

"Uwanja ulikuwa hivihivi tulipofika, mwanangu, na nilikuwa nimekaa wima. Sasa nainamia mlangoni."

Fundi akasogeza gari mbele, kwenye sakafu ya saruji. Mama akaweka karanga moja juu ya dashibodi, nayo ikaviringika kuelekea upande wake bila haraka. Shemeji alieleza kwamba karanga si kipimo kinachotambulika. Mke wangu, aliyemfahamu mama yake miaka mingi kuliko sisi, hakusema neno, alizunguka hadi gurudumu la mbele kushoto, akapangusa matope kwa kanga na kusoma kwa sauti: 215/60R16.

Hiyo tano iliyopungua inaonekana ndogo hadi mtu apige hesabu. Namba ya kati ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kwa hiyo milimita 215 kwa 65 hutoa karibu 140, na kwa 60 hutoa 129. Gari lilikuwa limeshuka kona moja kwa milimita 11 hivi, na mama mkwe alikuwa amezisikia kupitia kiti, mto wa kiti na khanga mbili. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne si mzaha, kwa kuwa tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na mfumo unaogawa nguvu hudhani linateleza, ukafanya kazi na kupata joto bila sababu.

Nilipompigia muuzaji simu, alijibu kwamba tofauti ni namba tano tu. Nilimpa Mama simu. Sikusikia upande wa pili wa mazungumzo hayo, ila yalikuwa mafupi, na bodaboda ilitumwa mara moja. Tairi la zamani la kurudishia kwa muda halikuwepo, maana lilikwisha kupata ekseli ya mkokoteni. Spea tairi ya X-Trail yetu ilikuwa ile nyembamba ya dharura isiyotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, na Mama aliitazama mara moja akauliza kama ni ya baiskeli.

Dereva wa bodaboda alifika amelivaa tairi begani kama mkoba. Fundi sasa alisoma kila namba kwa sauti, akalifunga, akashusha jeki na kusubiri.

"Hapo sawa," Mama akasema. "Lakini nyuma kulia upepo mdogo."

Fundi hakubishana, alichukua geji na kupiga magoti. Alipoinuka kwenda kuwasha kompresa, mteja mmoja aliyekuwa akisubiri na Noah yake alinisogelea, akanisalimu kwa heshima, na kuniuliza kama ningeweza kumwombea Mama akae dakika mbili tu kwenye gari lake.